Riziki ya mpiga gitaa: kufundisha, kurekodi na kupiga jukwaani

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni Mwislamu, mkazi wa Dar es Salaam, nina mke na watoto, na kazi yangu yote ni gitaa. Mchana huwafundisha watoto majumbani kwao kwa ada ya mwezi. Siku nyingine huitwa studio kuwapigia wasanii solo au rizimu kwa malipo ya mara moja, na huko huitwa pia kuzipigia kwaya za Wakristo. Mwisho wa juma hupiga na bendi katika baa, hoteli na harusi. Nimetaka kumpeleka mama yangu Umra, naye amekataa akisema pesa yangu ni ya haramu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, familia yangu ile nini, na nyimbo nilizokwisha kurekodi, ambazo bado zinapigwa redioni, nizifanyeje?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu muulizaji, ndani ya swali lako mna mambo kadhaa na kila moja lina hukumu yake: kuna mahali unapofanyia kazi, kuna chombo chenyewe, kuna makubaliano unayoyaingia na mzazi wa mwanafunzi au mwenye studio, na kuna pesa iliyokwisha kuingia mfukoni na kutumika. Wengi wanaouliza habari hizi hutaka neno moja tu, halali au haramu, na wajibuji wengi huwapa hilo neno moja, ndipo mtu anapoondoka ama amekata tamaa ama amejipa ruhusa ya kila kitu. Nitaanza na lile ambalo wanazuoni hawakutofautiana, kwa kuwa hapo ndipo nionapo hatari yako kubwa, kisha tufike kwenye nyuzi.

Bendi inayopiga katika baa hailipwi kwa ajili ya muziki peke yake. Mwenye ukumbi huiita ili watu wakae zaidi, na wakikaa wanunue vinywaji zaidi. Hata pale bendi inapochukua kiingilio na mwenye ukumbi akabaki na mauzo ya kaunta, makubaliano hayo yamesimama juu ya pombe, na kila mwanamuziki aliyepo anajua hivyo. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (s.a.w.) amesema anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asiketi kwenye meza inayozungushiwa pombe; basi aliyeajiriwa kuwachangamsha walioketi hapo, jambo lake ni zito kuliko la aliyeketi. Qur'ani nayo, katika aya ya 2 ya Suratul Maida, imetukataza kusaidiana katika dhambi. Kwa hiyo ujira wa baa haujuzu, na hata yule mwanachuoni mwenye kauli nyepesi kuliko wote kuhusu ala za muziki hatakuhalalishia.

Liko na jambo ambalo hukulitaja. Onesho linakwisha saa nane au saa tisa za usiku, vyombo vifungwe na kupakiwa, usafiri usubiriwe, na mpigaji anafika nyumbani Alfajiri inakaribia, akajilaza kidogo na kuamka jua limekwisha kupanda. Kama hali yako ndiyo hiyo, basi usihangaike na mas'ala ya gitaa kabla hujahangaika na Sala, kwani kazi inayompotezea mtu Sala ya faradhi kila mwisho wa juma ingekuwa na tatizo hata kama ingekuwa ni kuuza maji.

Harusi ni mlango mwingine. Katika Sahihi ya Bukhari, Bibi Aisha alipompeleka bibi harusi kwa mume wake miongoni mwa Answari, Mtume (s.a.w.) aliuliza kama hawakuwa na cha kuchangamkia, kwa kuwa Answari hupenda kuchangamka. Furaha ya harusi inatakiwa, na dufu lake lina dalili iliyo wazi. Ila harusi ya ukumbini ambayo wanaume na wanawake wanacheza pamoja na bia zinapita mezani haitofautiani na baa ila kwa mapambo.

Sasa tuje kwenye chombo. Gitaa halimo kwa jina katika vitabu vya zamani, lakini ni jamaa wa udi na tunburi, ala za nyuzi za kale, ambazo zimetajwa. Hoja kubwa ya wanaokataza ni hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, katika Kitabu cha Vinywaji, inayowataja watu wa umma huu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Ibn Hazm, aliyefariki mwaka 456 Hijria, aliipinga kwa kudai kwamba mlolongo wake wa wapokezi umekatika, kwa sababu Bukhari ameileta kwa tamko la "amesema Hisham bin Ammar", bila kutamka kwamba yeye mwenyewe amemsikia; lakini Ibn Hajar al-Asqalani ameonyesha njia nyingine zinazouunganisha mlolongo huo, na wanahadithi wengi wameridhika nayo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, Imamu Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, amekataza kutumia na kusikiliza ala zilizokuwa alama ya wanywaji, akataja tunburi na udi, kisha akaruhusu dufu katika harusi na jando, na katika minasaba mingine kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hata likiwa na njuga.

Angalia sababu iliyotajwa: alama ya wanywaji. Imamu Ghazali katika kitabu chake Ihya amelifafanua jambo hili kwa upana, akaeleza kwamba nyuzi hazikukatazwa kwa sababu ya utamu wa sauti zake, maana ingekuwa hivyo sauti ya ndege ingekatazwa pia, bali kwa kuambatana kwake na vikao vya ulevi na kuvikumbusha. Kutokana na hapo baadhi ya wanazuoni wa zama hizi huuliza kama hukumu inabaki pale chombo kinapokuwa mikononi mwa mtoto sebuleni kwao, mchana, mbele ya wazazi wake. Swali hilo si la kipuuzi, na Shawkani, mwanachuoni wa Yemen, aliandika risala mahususi ya kukanusha dai kwamba wanazuoni wamekubaliana wote juu ya uharamu. Wapo pia watakaokuambia kwamba Pwani yetu imeishi na ala za udi na kanuni tangu enzi za Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na kwamba Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa na watu wa msikitini. Sina haja ya kuwatia ila wazee wale, ambao wameshakwenda kwa Mola wao. Ila ada ya watu, hata ikiwa nzuri na kongwe, haisimami mahali pa dalili.

Mimi ninafuata kauli ya jumhuri, yaani wanazuoni walio wengi, kwamba ala za nyuzi zinakatazwa, na ndivyo ninavyokupa fatwa. Lakini sitamwita fasiki mtu anayemfuata mwanachuoni anayemwamini katika mas'ala haya, mradi asiwe anaokota ruhusa ya huyu katika ala, ya yule katika pombe na ya mwingine katika Sala, mpaka dini yake ikawa imeundwa na ruhusa tupu.

Kufundisha hufuata hukumu ya chombo. Wanafiqhi wameweka sharti kwamba manfaa yanayolipiwa katika ijara, yaani mkataba wa ujira, yawe ya mubaha, yaani yaliyoruhusiwa, hivyo kwa kauli ya jumhuri ada ya masomo ya gitaa haisihi. Na kwa kauli ya wanaoruhusu inasihi, pamoja na kuchunga mambo kama kutojifungia chumbani na mwanafunzi wa kike. Kwa vyovyote vile, kazi hii ni nyepesi mno kuliko ya ukumbini. Utakapoiacha, kumbuka kwamba wazazi wamekulipa ada ya mwezi mzima: masomo ambayo hukuyafundisha urudishe pesa yake, wala usifanye toba yako kuwa kisingizio cha kula haki ya mtu.

Studio inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa huko unauza mkono wako bila kuujua wimbo utakavyokuwa. Mpigaji huwekewa mapigo masikioni, akacharaza solo yake kwa nusu saa, akalipwa na kuondoka, na maneno huingizwa baadaye. Kutojua huko hakukuondolei dhima ikiwa prodyuza huyo umemzoea na unajua kwamba nyimbo zake ni za kuchochea uchafu; mtu huhukumiwa kwa dhana iliyo na nguvu kwake. Ama kuzipigia kwaya, jumhuri ya wanazuoni haiwaruhusu Waislamu kuchukua ujira wa kusaidia ibada ya dini nyingine, kwa kuwa nyimbo zile ni tamko la itikadi tusiyoiamini. Hilo lisikufanye uwe mkavu kwa majirani zako. Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina inaturuhusu kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita, na unaweza kuwatengenezea spika zao za nyumbani, kuwauguza na kuwazika wafu wao pamoja nao kama majirani, pasi na kushika gitaa katika wimbo wao wa ibada.

Kuhusu nyimbo zinazoendelea kupigwa redioni, haki ya kazi ya akili ni mali inayohifadhiwa kisharia. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la wanazuoni wa nchi mbalimbali, ilikata shauri hivyo katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988. Sheria ya nchi yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inamtambua mpigaji kuwa na haki katika alichokirekodi. Kwa hiyo, kama uliuza kwa malipo ya mara moja kwa ridhaa yako, wimbo ni wa mwenyewe, huwezi kumlazimisha auondoe, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Mwombe kwa upole auondoe ule ulio na maneno machafu. Akikataa, umetekeleza lililokuwa juu yako. Na kama kuna mgawo wa mirabaha unaokufikia, usiuache kwa wasambazaji wajitajirishe nao: uchukue, na ule unaotokana na nyimbo zisizofaa uutoe kwa mafukara au katika manufaa ya watu wote, bila kutarajia thawabu ya sadaka, bali kwa nia ya kujitakasa nao.

Pesa iliyokwisha kutumika isikunyime usingizi. Katika aya ya 275 ya Suratul Baqara, iliyoshuka kuhusu riba ambayo ni kubwa kuliko hili, Mwenyezi Mungu amesema aliyefikiwa na mawaidha akakoma, ni yake yaliyopita. Wewe ulikuwa ama hujui, ama ukifuata kauli ya wanaoruhusu. Ulichonacho sasa mkononi ukitenge: kilichotokana na baa kitoke kwako, ila kama wewe ni mhitaji kweli. Nawawi amenukuu katika al-Majmu' kauli ya Ghazali kwamba mwenye kutubia mali ya haramu isiyo na mwenyewe anayejulikana, akiwa fukara, anaweza kujipa yeye na watoto wake kwa kadiri ya haja.

Na usiniambie kwamba utatupa gitaa leo na kesho watoto wakalala njaa, kwa kuwa kuwalisha ni wajibu wako kama ilivyo Sala. Baa iache mara moja; mpe taarifa kiongozi wa bendi ili asiwe amekwishapokea malipo ya awali kwa jina lako akadhalilika. Mengine yaondoe kadiri unavyopata mbadala. Zamani bendi ya NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, iliwaajiri wapigaji wake kwa mshahara chini ya chama cha wafanyakazi, lakini leo mpigaji analipwa kwa usiku mmoja mmoja na akiugua hana kitu, kwa hiyo hata kwa hesabu ya dunia hii huachi kazi yenye dhamana. Una sikio lililofunzwa na unaijua studio. Vipindi vya redio, rekodi za darasa na mihadhara, kaswida za madrasa zinazopigwa kwa dufu, ufungaji na utengenezaji wa vipaza sauti vya misikiti na shule: zote hizo ni kazi za fani yako ile ile, na katika nyingi kati ya hizo tunalalamika kila siku kwamba hakuna mafundi wanaojua sauti.

Limebaki la mama yako. Katika madhehebu yetu, mwenye kuhiji au kufanya Umra kwa mali ya haramu ibada yake inasihi huku akibeba dhambi ya mali hiyo, na Imamu Ahmad ameona haisihi kabisa. Mama yako amechagua kujitoa katika tofauti hiyo, na huo ni uchaji ambao si halali yako kuuvunja kwa hoja, wala usimpelekee barua hii kumshinda nayo. Umra haimlazimu maadamu hana uwezo wake mwenyewe. Chakula cha nyumbani kwako anaweza kula, kwa kuwa mali yako imechanganyika, na Mtume (s.a.w.) alifanya muamala na Mayahudi wa Madina, ambao Qur'ani imewasema kwa kula riba, hata akafariki deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa mmoja wao. Fungua akaunti nyingine, uingize humo mapato ya kazi hizo mpya tu, umwambie wazi yanatoka wapi, na siku yatakapotosha nauli umuulize tena.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.