Kozi ya kazini, mtoto pembeni anauliza

Mwenzangu uliyeuliza kama umfukuze mwanao wa miaka tisa ukiwa unasoma kozi yako ya mtandaoni usiku au umwache akae pembeni na maswali yake, mi nakujibu kama nesi wa zahanati ambaye meza ya kusomea ndo hiyohiyo ya kulia chakula: mwache akae, ila chagua somo la kukaa naye, maana si kila somo linafaa.

Sisi manesi tunatakiwa kusoma hata kama hatutaki, bila mafunzo endelevu ukienda kuhuisha leseni Baraza la Uuguzi na Ukunga unakwama. Sasa mi nilikuwa nasoma ile kozi ya chanjo, sehemu ya mnyororo baridi (yaani kuitunza chanjo kwenye baridi safari nzima mpaka inachomwa), slaidi inasema chanjo zikae nyuzi 2 mpaka 8, zingine zisigande kabisa, zikiganda tupa. Huyu binti yangu kasoma slaidi kwa sauti (wako kwenye umri wa kusoma kila kitu hata mabango ya mganga) halafu kauliza, mama, mbona nyama inakaa friza mwezi mzima na tunakula, chanjo ikiganda mnaitupa?

Slaidi haikuwa na jibu. Kazini hilo tunaliishi kama amri, hakuna anayehoji, lakini mtoto ukimwambia "ndo mwongozo unavyosema" anakuangalia tu. Ikabidi nifungue zile PDF za ziada ambazo kusema kweli watu wengi hatuzifungui. Kumbe penta (ile ya magonjwa matano kwa watoto wachanga), pepopunda, homa ya ini B, HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi), hizi zina chumvi ya aluminiamu ndani, kile kitu kinachoufundisha mwili kimeshikamana na vile vichembe vya hiyo chumvi, zikiganda vichembe vinashikana vinakuwa mabonge na ukiyeyusha havirudi kama mwanzo, dawa ipo kwenye chupa ila nguvu imepungua. Polio ya matone na surua hazina hiyo kitu ndo maana kuganda hakuziui, hizo adui yao ni joto. Sasa hilo mi siwezi kulisahau tena, na kwenye mtihani wa kozi lilikuja.

Akataka kuona. Chanjo za serikali huwezi kuleta nyumbani ukachezea, kwa hiyo tukatumia tui la nazi, chupa moja friji, chupa moja friza mpaka ikawa jiwe, kesho yake tukaiacha iyeyuke halafu akazitikisa zote mbili pamoja na kuziweka kwenye mwanga. La friji likarudi laini, la friza likabaki na vipande vipande. Sisi kazini tuna kipimo cha namna hiyohiyo, unagandisha makusudi chupa moja ya kundi lilelile la chanjo, unaiyeyusha, unaitikisa pamoja na ile unayoitilia shaka halafu unaziweka chini na kuangalia, kama unayoitilia shaka inatuama haraka sawa na ile uliyoigandisha au kuizidi basi hiyo imeshaharibika. Binti kaelewa kabla sijamaliza kueleza.

Kitu kingine kilichomkaa ni kile kibandiko cha kwenye chupa, duara lenye mraba katikati, mraba unaanza mweupe halafu joto likizidi unakuwa mweusi taratibu, ukifikia rangi ya duara hiyo chupa hutumii. Akachora vyake na penseli akawa ananipa mtihani, hii tupa, hii tumia. Halafu akauliza swali ambalo nimelisikia kwa watumishi wachache sana: kwa hiyo chanjo ikiganda kibandiko hakijui? Hakijui, kinasoma joto tu. Na zile barafu za ukwaju anazouza shangazi yake ndo tulifanyia somo la vile vichupa vya maji yaliyogandishwa vya kwenye kasha la chanjo, kwamba ukivitoa friza usivipange hapohapo, viache nje mpaka ukitikisa usikie maji yanacheza ndani, la sivyo chanjo unazigandisha mwenyewe njiani.

Mwaka huo akafika zamu yake ya HPV (hapa Tanzania tangu 2024 ni dozi moja tu, wasichana wa miaka 9 mpaka 14), nesi aliyekwenda kuchanja shuleni kwao akanipigia simu anacheka, eti kuna mtoto kagoma kutoa mkono mpaka aonyeshwe kibandiko.

Sasa pale ambapo mtoto anatoka. Vikao vya Zoom mnavyojadili kesi za wagonjwa, hapo anaenda chumbani hata kama katulia kama maji ya mtungi, ile ni siri ya mgonjwa na mtoto kesho anasimulia darasani. Somo lenye picha za uzazi uliokwenda vibaya, vifo vya vichanga, pia hapana, soma akiwa kalala. Na kwizi bonyeza mwenyewe, cheti kina jina lako, kuna kozi ukikosea mara kadhaa inakufungia.

Kuhusu bando, hiyo ndo gharama yenyewe, mtoto anataka kila video irudiwe. Mi napakua slaidi na video nikiwa kwenye WiFi ya kazini, nyumbani tunarudia bure.

Mume wangu anasema namchelewesha mtoto kulala, na ni kweli siku zingine, kwa hiyo naye nampa somo la mwanzo tu halafu kitandani, mi naendelea. Kama wako ni chini ya miaka sita haya yote bado, huyo anachotaka ni kubonyeza tu, mtafutie kibodi mbovu abonyeze.