Mvua ya Kiingereza ina uzito, upepo una nguvu

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu amekukata alama ulipoandika “strong rain” ukimaanisha mvua kubwa. Sarufi yako haina kosa. Ni mazoea tu ya maneno gani yanakaa pamoja. Kwa Waingereza mvua ina uzito, “heavy rain”. Theluji vilevile, na hata foleni ya magari, “heavy traffic”. Upepo ndio wenye nguvu, “strong wind”, sawa na chai iliyokolea majani, “strong tea”.

Hiyo “heavy” ichunguze vizuri, maana mara nyingi haihusu kilo, inahusu wingi. “A heavy smoker” si mvutaji mnene, ni mtu anayemaliza sigara nyingi kwa siku. Lakini mtu akikwambia “I'm a heavy sleeper”, hapo Kiingereza kimekutana na Kiswahili: usingizi wake mzito, utamgongea mlango weee asisikie. “Heavy meal” nayo ni chakula kizito, kama sisi tunavyosema.

Usiikariri “heavy” peke yake, tafadhali. Andika daftarini jozi nzima, “heavy rain”, halafu itungie sentensi kuhusu mvua uliyoiona mwenyewe.