Redio ya memori kadi kwa mama asiyeona

Dada wa Kondele uliyeuliza mama asikilize nyimbo kwa kifaa gani, nimekuelewa: mama haoni, na kile kichezea muziki cha skrini ya kugusa kimemshinda. Kingemshinda yeyote, hakina cha kupapasa. Mtafutie redio ndogo ya memori kadi yenye vitufe vilivyoinuka. Kadi isizidi GB 32, iwe ya FAT32, yaani mpangilio wa kuhifadhi faili ambao redio hizi huusoma. Kadi kubwa zaidi huja na mpangilio mwingine, exFAT, na redio nyingi za bei nafuu haziusomi. Nakili nyimbo moja moja kwa mpangilio anaoutaka, maana redio hizi mara nyingi hufuata zamu ya kunakiliwa, si majina. Kitufe cha kucheza kitie tone la rangi ya kucha ili akitambue kwa kupapasa, likauke usiku kucha. Likiingia kwenye ufa, kitufe kitakwama. Betri ikivimba, usiichaji tena, mwone fundi.