Mwani na seli za ubongo

Ndugu, umeuliza kama vidonge vya mwani vitamzuia mama asizidi kusahau. Maabara inatia moyo: astaksanthini, ile rangi nyekundu ambayo mwani mdogo wa Haematococcus hujitengenezea unapochomwa na jua kali, hukinga seli za neva zisiharibiwe na kemikali kali za oksijeni. Lakini hizo ni seli za maabara na panya, si mama. China iliidhinisha kwa masharti mwaka 2019 dawa ya Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu) iliyotokana na mwani wa kahawia, GV-971, na wataalamu wengi wakaitilia shaka. Tafadhali usimwachishe dawa zake. Akiwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza, maana fukoidani, aina ya sukari iliyomo kwenye mwani wa kahawia, nayo huzuia damu kuganda.