Karatasi ya kutoka jeshini Marekani na mafao ya VA (idara ya serikali inayohudumia maveterani, yaani waliowahi kutumikia jeshi)

Ndugu yangu, umeuliza kama mdogo wako aliyetolewa jeshi la Marekani kwa "Other Than Honorable" (hadhi isiyo ya heshima) amekosa kila kitu. Hapana, asikate tamaa kabisa! Kwanza achukue DD-214 yake, yaani karatasi ya kutoka jeshini, aangalie kisanduku namba 24, hapo ndipo hadhi yake imeandikwa. Mwenye "Honorable" (ya heshima) mambo yake shwari. Wa "General" (hadhi ya chini kidogo ya hiyo) anapata matibabu na fidia ya ulemavu, ila GI Bill, yaani msaada wa serikali wa kulipia masomo, anaikosa, na hilo huwauma vijana wengi maana ndiyo iliyowapeleka jeshini.

Huyu wenu wa "Other Than Honorable" je? VA hupitia faili lake na kuamua wenyewe, kwa hiyo aombe, asijikatae yeye kabla hawajamkataa. Kama alinyanyaswa kingono akiwa kazini, anaweza kupata matibabu ya afya ya akili hata kwa hadhi hiyo. Pia anaweza kuomba hadhi ibadilishwe kwa fomu DD-293, mradi haijapita miaka 15 tangu atoke. Aambatanishe rekodi za hospitali na barua za waliotumikia naye. Maofisa wa mashirika ya maveterani yanayotambuliwa na VA humsaidia mtu kuandika dai bure, asilipe mtu yeyote.