Maswali ya Wasomaji: Je, Mtu wa Mombasa Atalimudu Joto la Doha?

SWALI: Nimepata kazi ya ulinzi mjini Doha kwa mkataba wa miaka miwili, na natakiwa kusafiri mwishoni mwa Juni. Mama ana wasiwasi kuhusu joto la huko, lakini wenzangu wanasema kijana aliyekulia Mombasa hawezi kutishwa na jua la Ghuba. Wakala naye husema tu kwamba nitazoea. Je, mtu huzoea vipi, na kwa muda gani?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wamesema nusu ya ukweli. Hata mwezi wa Machi, joto la Mombasa kwa kawaida huishia nyuzi 33 hivi, na jioni upepo wa bahari hulipunguza makali. Doha, kuanzia Juni hadi Agosti, mchana hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na usiku wenyewe huweza kubaki kwenye nyuzi 30. Mwezi wa Agosti na Septemba huongezeka fukuto, jasho likawa linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu.

Mwili huzoea kweli, ila wakala hakukutajia masharti. Mtu akikaa kwenye joto kwa muda unaoongezwa kidogo kidogo kila siku, baada ya wiki moja hadi mbili jasho lake huanza kutoka mapema zaidi na hubeba chumvi kidogo, maji ya damu huongezeka, na moyo hauendi mbio kama mwanzoni. Hatari imo katika siku za kwanza, kabla ya mabadiliko hayo, na ndipo vifo vingi vya joto kazini hutokea. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani hupendekeza kwamba mgeni asikae kwenye joto zaidi ya asilimia 20 ya muda wa kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, muulize wakala kama lindo lako litakuwa ndani ya jengo au langoni, kama kuna kibanda chenye kiyoyozi, na wiki ya kwanza utapangiwa zamu gani, na ayajibu hayo kwa maandishi. Kwa maoni yangu, majibu hayo yana faida kuliko dawa zote utakazofungasha.

Sheria nayo iko upande wako. Tangu mwaka 2021, Qatar inakataza kazi za nje zisizo na kivuli kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, na inamruhusu mfanyakazi kusimamisha kazi akiona joto linahatarisha afya yake, ingawa kumwambia hivyo msimamizi katika wiki ya kwanza kunataka moyo.

Ukiwa lindoni, kunywa kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 hadi 20 bila kungoja kiu. Mkojo ukianza kufanana na chai ya rangi, umechelewa. Mwenzako akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoeleweka, piga 999, mpeleke kivulini, mmwagie maji na kumpepea, wala usidanganywe na jasho lake, kwa kuwa mtu aliyezidiwa na joto akiwa kazini huweza kuwa bado anatoka jasho. Sweta pia ni ya lazima, kwani usiku wa Januari hushuka hadi nyuzi 14 hivi.

Jambo ambalo hata wakongwe wa huko husahau ni likizo. Mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache mtu akiondoka kwenye joto kali, kwa hiyo ukija nyumbani mwezi mzima kisha ukarejea Julai, omba upangiwe zamu nyepesi kana kwamba ndiyo kwanza umeajiriwa.