Usiguse tairodi kabla hujatafuta mlegezo

Nilimaliza tairi mbili mpya za mbele kwa msimu mmoja wa kulima, na hadi leo naumia nikizikumbuka. Trekta ilikuwa kuukuu, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na usukani ulikuwa umeanza kutangatanga kila tulipotoka shambani kuingia barabarani. Moja kwa moja nikasema ni alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu. Nikalegeza nati za tairodi, ile fimbo ya usukani inayoshika magurudumu ya mbele, nikayabana magurudumu yakaribiane kidogo kwa mbele, nikakaza. Siku mbili ikatulia, ya tatu ikarudi vilevile. Nikabana tena. Nilipokuja kuinama na kuzitazama tairi zenyewe, ukingo wa ndani ulikuwa umelika hadi nyuzi zinaonekana, huku ukingo wa nje ukiwa bado mzima.

Tairodi haikuwa na kosa lolote. Bushi za kingipini ndizo zilizokuwa zimekwisha: kingipini ni mhimili wima ambao gurudumu la mbele hugeukia, na bushi ni mirija midogo inayoushika ndani ya ekseli. Bushi zikilika, uzito wa trekta hulilaza gurudumu, juu ikaingia ndani na chini ikatoka nje. Tena trekta ikienda mbele, ardhi huyasukuma magurudumu nyuma, na mlegezo wote uliopo kwenye viungo, yaani kucheza kwake kote, hugeuka kuwa kutanuka kwa mbele. Kwa hiyo vipimo nilivyochukua trekta ikiwa imesimama havikuwa vile ilivyokuwa ikitembea navyo. Ningeendelea kubana tairodi mwaka mzima bila kupona.

Ndiyo maana sasa naanza na tairi. Pitisha kiganja juu ya mistari yake, kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Ukikwaruzwa na kingo kali mkono unapokwenda nje, magurudumu yamebanwa mno mbele. Ukikwaruzwa unaporudi ndani, yametanuka. Kama tairi imelika upande mmoja tu bila makali hayo, shuku gurudumu lililolala: kingipini, beringi, au ekseli iliyopinda baada ya kugonga kisiki. Hakikisha pia upepo ni sawa pande zote mbili, maana tairi moja ikiwa laini trekta itavuta upande huo na utahangaika bure.

Kinachofuata ni kutafuta mlegezo, na hapa usiwe na haraka. Acha trekta chini, magurudumu yamebeba uzito. Mtu akae kitini autikise usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, nawe weka kidole kwenye kila kiungo, uanzie boksi la usukani ushuke hadi gurudumu. Fuata mwendo ulikopotea. Upande mmoja wa kiungo ukisogea na wa pili ukachelewa, umekipata. Mimi niliweka dole gumba pale kingipini inapoingia kwenye ekseli, nikasikia tak, tak, na grisi nyeusi ikachuruzika kila usukani ulipogeuka. Mwaka mzima nilikuwa nimepita hapo na bomba la grisi bila kuhisi chochote. Usiuruke mkono wa chuma ulio juu ya kingipini, kwani mafundi wengi huusahau. Ukilegea kwenye meno au kwenye ufunguo wake, kile kipande cha chuma kinachoufunga kwenye kingipini, dalili zake hufanana kabisa na za tairodi mbovu.

Baada ya hapo inua. Weka breki ya mkono, kabari magurudumu ya nyuma, na ukiisha kuinua weka magogo imara chini yake. Jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja. Ukiinua kwenye ekseli, upande mmoja kwa wakati, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Kingipini yenyewe ikicheza ndani ya ekseli, ni bushi. Ikitulia na gurudumu pekee likacheza, ni beringi. Kisha inua kwa kuegemeza jeki chini ya fremu ya mbele, ekseli ibaki inaning'inia, uisukume mbele na nyuma. Ikicheza, pini ya katikati, ile inayoishika ekseli kwenye fremu, imelika, na hiyo peke yake inatosha kuifanya trekta iyumbe.

Ukishabadilisha vilivyolika, ndipo upime. Tafuta mahali tambarare, nyoosha usukani, sogeza trekta mbele mita mbili tatu usimame bila kurudi nyuma. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi, upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu. Pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sogeza trekta mbele hadi alama zilezile zifike nyuma kwa kimo kilekile, upime tena. Kwa kutumia alama zilezile, rimu iliyopinda haitakudanganya. Kwa trekta nyingi za zamani, mbele panatakiwa pawe pafupi kuliko nyuma kwa milimita chache, lakini kipimo chenyewe kichukue kwenye kitabu cha trekta yako.

Jambo moja zaidi kwa wenye ekseli ya kurefushwa kwa matundu: hesabu matundu pande zote mbili. Niliwahi kuletewa trekta iliyovuta kushoto, mwenyewe ameshanunua tairodi mpya, kumbe upande mmoja ulikuwa umetolewa tundu moja zaidi ya mwingine. Na ukibadilisha upana, fimbo za usukani nazo zirekebishwe kwa kiasi hichohicho, halafu upime upya.

Bushi mpya zilipoingia, niliirudisha tairodi karibu kabisa na pale ilipokuwa kabla sijaanza kuichezea. Nati zake nilizikaza tena jioni ya siku ya kwanza ya kazi, na nikapima upya baada ya wiki.